Kipimo cha Arobaini na Moja

Gundega alikuwa mkunga hapa Kuldīga
mpaka wodi ya wazazi ilipofungwa, mwezi wa tatu,
kwa barua ya mistari minne kutoka wizarani:
watoto wanaozaliwa hawatoshi.
Basi akatuandikia wimbo wa Krismasi.

Kurasa kumi na mbili, sauti nane, bila kinanda.
Tulizigawana ukumbini mwa shule, zingali na joto la mashine.
Tukatafuta malaika. Hayumo.
Tukatafuta wachungaji, kondoo hata mmoja. Hamna.
Ukurasa wa kwanza wote sisi alto hatuimbi,
tunapumua tu,
ndani kwa pua, nje kwa mdomo, kwa hesabu,
kama anavyoelekezwa mwanamke
aliyeshika chuma cha kitanda.

"Hii si Krismasi," alisema Skaidrīte,
miaka sabini na nane, soprano tangu enzi
Krismasi ilipoimbwa mapazia yamefungwa
na mtu mmoja amesimama mlangoni.
"Hii ni tela limeacha barabara."
Tukacheka. Yeye hakucheka.
Alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa kidole pajani.

Oktoba nzima. Novemba nzima.
Noti mbili jirani, zisizopendana,
zimekalishwa benchi moja, goti kwa goti;
ukizishika sawasawa, meno yanawasha.
Gundega alikuja mara moja, hakuvua hata koti.
Akasema: msizilainishe.
Uchungu haulainishwi. Unahesabiwa.

Na kipimo cha arobaini na moja,
sauti zote zimesimama, zimefungamana,
hakuna anayeruhusiwa kusogea
isipokuwa mmoja. Besi ya pili ashuke
nusu hatua, polepole, hadi chini kabisa,
fundo lilegee,
mama ajifungue.

Besi ya pili tunaye mmoja: Ilmārs,
dereva wa gari la halmashauri la kusukuma theluji,
mwenye sauti kama mlango wa ghala la viazi.

Siku yenyewe theluji ilianza saa nane mchana.
Saa kumi na moja simu yake ililia.
Akavaa buti, akamkabidhi Tālivaldis folda,
na Tālivaldis ni tena,
huko chini hafiki hata akilala sakafuni.

Tuliimba hivyo hivyo.
Tukapumua, tukahesabu, tukaumana.
Tulipofika arobaini na moja, Vizma akainua mkono
na kuuacha juu.
Tulikuwa tumekubaliana: atahesabu nne, ataushusha,
wimbo utaendelea kana kwamba kitu kimetokea.
Akahesabu nne. Mkono uko juu.
Tukaanza kuvuta pumzi kwa zamu, kwa kuiba,
huyu akimfichia yule.

Ndipo likapita.
Chuma juu ya mawe ya barabara, chini ya ukuta wa kanisa,
kutoka darajani kuja huku.
Taa ya manjano ikazunguka dirishani,
ikapita juu ya nyuso, juu ya mbavu za Kristo wa mbao,
juu ya kipara cha Tālivaldis.
Haikuwa noti iliyoandikwa. Niseme kweli.
Ilikuwa juu kidogo, chafu, ina mchanga,
na ilishuka lilipokata kona
karibu na duka la dawa.

Benchi la tatu, mtoto akasema,
kwa sauti ya mezani tu: "Baba."

Vizma akashusha mkono.

Baadaye, saa nne usiku, Ilmārs angeingia ukumbini
na barafu kwenye ndevu, aulize amekosa nini,
na sisi tungempa biskuti za tangawizi
kwa kuwa hakuna aliyejua aanzie wapi.
Skaidrīte angempa zake zote.

Lakini wakati ule, kabla ya ukurasa wa mwisho,
nilimtazama Gundega kule nyuma, karibu na mlango.
Hakulia. Hakufumba macho.
Aligeuza kifundo cha mkono, akaangalia saa,
akatoa penseli,
akaandika pembezoni mwa karatasi ya ibada:
saa moja, dakika kumi na tisa.